Kisanduku cha Baba

Ripoti yenyewe ilikuwa na mistari mitatu tu. Mkuu wa kituo aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena, kama muuza kitambaa anayemwonyesha mteja kwamba hakuna tobo.

"Mtoa sampuli si baba mzazi wa marehemu."

Basi, imekwisha hiyo. Mwili uliotolewa kwenye majivu ya ghala haukuwa wa mlinzi. Ulikuwa wa mwizi, wa mzururaji, wa mtu yeyote asiye na kwao. Mlinzi mwenyewe yu hai, kachoma ghala la watu na kutokomea, na mke wake anajua alikojificha. Mke ataendelea kukaa mahabusu mpaka afungue kinywa. Mwili utachukuliwa na manispaa leo saa kumi jioni, ukazikwe kwenye shimo la wasiojulikana. Gari lilikuwa limeshaagizwa.

Sajini alisikiliza akiwa wima. Kiti kilikuwepo, hakukitaka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miaka ishirini ya kazi, na mtaani walimwita Chujio, kwa kuwa hakuna uongo uliowahi kupita kwake usiache makapi. Akauliza swali aliloliuliza wiki nzima: mlango wa chumba cha mlinzi ulikutwa umefungwa kwa kufuli, na kufuli lilikuwa upande wa nje. Mwizi gani anaingia kuiba, kisha anajifungia kwa nje?

Mkuu akamjibu kwamba mwenye ghala ana wakili, na wakili ameshaandika barua kueleza kuwa kufuli la aina ile huweza kujibana lenyewe kwa joto.

"Kufuli lilijifunga lenyewe," Sajini akarudia polepole.

"Sajini, sayansi imesema. Utabishana na sayansi?"

"Sibishani nayo, afande. Nataka kuisoma. Hapa pameandikwa ukurasa wa tatu kati ya kurasa tatu. Wa kwanza na wa pili ziko wapi?"

Zilibaki maabara. Siku hizi, Mkuu alieleza, wanaletewa ukurasa wa mwisho peke yake, ule wa jibu, kwa sababu hizo nyingine ni nambari tupu na hakuna anayezisoma. Sajini akaangalia saa ya ukutani. Saa tatu na robo asubuhi. Akaomba faili. Mkuu alimwambia achukue, ila jioni alirudishe likiwa limefungwa.

*

Mke wa mlinzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtandio umefunika magoti. Mtaani kwao walikuwa bado wakimwita Bi Harusi. Ndoa ilikuwa na miezi minane na baadhi ya masufuria ya zawadi hayajatolewa kwenye maboksi. Kwa siku tatu aliulizwa swali moja, mume wako yuko wapi, na kwa siku tatu alitoa jibu moja: yuko kwenye friji lenu.

Sajini alimwambia askari wa kaunta alete kiti. Askari akasema mahabusu hawapewi viti. Sajini akasema hakuuliza desturi za mahabusu, aliomba kiti. Kikaja.

Alianza na vitu. Je, hakuna mswaki wa mume nyumbani, kitana, wembe, chochote kilichomgusa? Bi Harusi akatikisa kichwa. Siku sita kati ya saba mumewe alilala ghalani; vitu vyake vyote vidogo vilikuwa kule na viliungua naye. Nyumbani zilibaki nguo. "Nimezifua zote," akasema. "Siku ile ile asubuhi, kabla sijaletewa habari. Nilizitia jiki. Ningejua, nisingefua."

Kisha Sajini akagusa lile la pili, kwa uangalifu, kama mtu anayepapasa jino bovu. Je, kuna lolote alilowahi kusikia kuhusu mama mzazi wa mumewe, habari za ujanani, maneno ya watu?

Bi Harusi aliinua uso. "Na wewe unakuja na hayo? Jana askari wenu wa zamu kaniambia mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kupokea wageni. Maiti hasemi, basi kila mwenye mdomo anamsemea. Mimi sikumkuta, alifariki mume wangu akiwa shuleni. Lakini mama mkubwa, Mungu amlaze pema, aliniambia siku ya kwanza niliyoingia nyumba ile: huyu kijana kakulia kwa watu wanaoheshimiana, usituletee makelele. Mama mkubwa hakuwa mtu wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa."

Sajini aliandika kwenye daftari: mama mkubwa, marehemu. Kama mtu yeyote angefanya, akaandika pembeni: dada wa mama? Akasimama. Mlangoni alimwambia askari wa kaunta kwamba kile kiti hakitoki.

*

Kama jibu ni baya, anza na aliyechota. Koplo aliyekwenda kuchukua mate ya mzee fundi friji, yule mtoa sampuli, alikuwa nyuma ya kituo akipiga buti zake brashi. Sajini akamwuliza kuhusu bahasha, gundi, sahihi, nani aliibeba na ililala wapi. Koplo aliona anashukiwa, akanuna, lakini alijibu yote bila kujikwaa. Kijiti cha pamba alikifungua mbele ya mzee, akakizungusha ndani ya shavu mara kumi, akakiweka kwenye kichupa, akabandika karatasi ya lakiri, mzee akasaini juu yake. Alikifikisha maabara kwa mkono wake kabla ya adhana ya mchana. Sajini alitoa picha ya ile lakiri kutoka kwenye faili. Haikuguswa. Sahihi ya mzee ilikuwa imepita katikati, herufi za fundi, zimekaa kama nati.

"Sasa niambie ulimwuliza nini kabla hujachukua."

Koplo akacheka kidogo. "Nilimwuliza kama yeye ndiye baba wa mlinzi, akasema ndiyo. Sikuridhika, afande, usije ukasema sikufanya kazi. Nikawageukia majirani, walikuwa kama ishirini pale uani, nikawauliza: huyu ndiye baba yake? Wote wakaitikia, huyo ndiye. Nikatia tiki kwenye kisanduku."

Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga. Sajini akaifunua fomu. Palikuwa na visanduku vinne: BABA, MAMA, MTOTO, NDUGU. Tiki ya Koplo ilikuwa kwenye cha kwanza, kubwa, ya kujiamini.

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye lifti isiyopanda. Daktari wa vinasaba alikuwa mtu mwembamba, koti lake jeupe limechanika mfuko mmoja kwa uzito wa mhuri ambao hakuuachia mtu. Juu ya meza yake, ukutani, palibandikwa picha ya nyota zilizosongamana kama sukari iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Alimkaribisha Sajini vizuri, akamtolea kurasa mbili zilizobaki, akaonekana kufurahi kwamba hatimaye kuna mtu amezifuata.

Alieleza kidole kikiwa juu ya karatasi. Vinasaba vya marehemu vilitoka kwenye jino la nyuma, kwa kuwa moto ulikula vingine vyote. Katika kila mahali wanapopapima, mtu hubeba alama mbili, moja ya mama na moja ya baba. Wao hupima mahali ishirini na moja. Baba mzazi na mwanawe lazima washikane alama moja kila mahali. Pakikataa mahali pamoja unakuna kichwa, huenda maumbile yamecheza. Pakikataa pawili unarudia kipimo. Hapa pamekataa mahali sita, na kipimo kilirudiwa.

"Si baba mzazi," Daktari akasema. "Urudie leo, urudie mwakani. Mizani yangu haina tatizo."

Sajini hakuwa amekuja kugombana na mizani. Alikuwa anaangalia ukurasa wa pili, jedwali ambalo kila mstari ulikuwa na nambari mbili zinazofanana kama pacha. Akauliza hilo ni la nini. Daktari akasema ni la ile sehemu wanayokuwa nayo wanaume tu, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume na kwa mjukuu wa kiume, haipiti kwa mama, inasafiri kama jina la ukoo. Huwa wanaipima kwa mazoea tu wanapokuwa na wanaume wawili.

"Na imesemaje?"

"Imelingana yote. Alama ishirini na tatu kwa ishirini na tatu."

"Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida."

"Mzee na marehemu ni wa ukoo mmoja wa kiume. Na ukichukua na zile kumi na tano zilizoshikana kule mbele, ni watu wa karibu. Mtu na nduguye, mtu na mtoto wa nduguye, hivyo."

Sajini aliiweka karatasi mezani kwa utaratibu mkubwa. Alipokasirika sauti yake haikupanda, ilishuka. "Daktari, ulijua kwamba huyu maiti si mtu baki, ukaandika mistari mitatu."

"Nilijibu nilichoulizwa. Swali lilikuwa, je, ni baba mzazi? Jibu ni hapana. Hakuna aliyeniuliza lingine." Akainua kidole kuelekea ile picha ya nyota. "Wenzetu wanaochungulia huko juu wana darubini inayoona mwanga uliosafiri tangu dunia haijawa dunia. Lakini uielekeze ukutani, utaona ukuta."

"Kuna msichana yuko sakafuni kituoni siku ya tatu kwa ajili ya ukuta huo. Kuna mtu amefungiwa ndani akaungua, na leo anatafutwa kwa kosa la kujichoma. Nataka kujua nani aliigeuza darubini."

Daktari alifungua droo, akatoa fomu ile ya kituo, nakala ya pili. Sajini akaichukua, akailaza pembeni ya ripoti, akasukuma zote mbili mbele yake. Kwenye fomu: BABA. Kwenye ripoti: baba mzazi.

"Hili neno mzazi limetoka wapi?"

Daktari alivua miwani. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Hapa maabara, akasema, baba ni baba mzazi, ndivyo kompyuta ilivyopangwa. Ukiingiza baba, yenyewe inajua.

"Na nyumbani kwenu?"

Aliifuta miwani kwa upindo wa koti.

"Nyumbani kwetu," akasema, "mimi nilikuwa na baba wanne."

Baada ya hapo hakubisha tena. Alieleza kwamba hesabu mpya haihitaji mate mapya. Nambari zote zipo, kinachotakiwa ni swali sahihi. Kama mzee ni ndugu wa baba mzazi wa marehemu, kompyuta ingesema ndani ya nusu saa ni mara ngapi jambo hilo linaelekea kuwa kweli kuliko kuwa wawili wasiojuana. Lakini lazima kwanza ijulikane wanaume wa ukoo huo ni wangapi, na lazima swali liandikwe upya na kusainiwa na mwenye mate yake. Neno la polisi peke yake halitoshi. Sajini akamwambia aanze kuhesabu, na saa tisa na nusu amkute chumba cha maiti, yeye na mhuri wake.

*

Kwa fundi friji palijaa watu. Ua wake, ambao siku zote ulijaa mafriji yaliyovuliwa milango, sasa ulikuwa na viti vya kuazima na majirani waliokaa nusu msiba, nusu umbea. Hawakujua kama wanapaswa kulia au kunong'ona, basi walifanya vyote kwa zamu.

Sajini hakuingia moja kwa moja. Alisimama kwanza penye mwavuli wa Mama Vocha, muuza vocha wa kona ile, ambaye hakuna habari iliyoingia mtaani isilipe ushuru kwake. Alinunua vocha asiyoihitaji, akalalamikia jua, akaacha Mama Vocha amwage. Naye akamwaga. Kumbe jibu la maabara lilivuja tangu jana. Kufikia asubuhi mtaa ulikuwa umeshamtafutia marehemu baba watatu: mwenye bucha wa zamani, kondakta mmoja aliyehama, na mwalimu ambaye naye alishakufa. Watu walipima masikio, wakapima pua, kila mtu daktari. Mama Vocha mwenyewe hakuamini hata mmoja, kitanda hakizai haramu, ila hakuweza kuwazuia watu kusema mbele ya biashara yake.

"Mwenzangu, kinachoniuma ni huyo mzee," akasema. "Tangu azike mke miezi mitatu iliyopita hajakaa sawa, na sasa hili. Yule mama mkubwa angekuwepo, wasingethubutu."

Sajini aliacha kukwangua vocha. "Mama mkubwa wa nani?"

"Wa kijana, wa nani tena? Si mke wa fundi."

"Mke wa fundi ndiye mama mkubwa."

"Ndiye. Walikuwa wakimwita hivyo humo ndani, na sisi tukafuata. Mama mwenyewe, yule mzazi, alikuwa mpole, alikaa chumba cha uani mpaka alipofariki." Mama Vocha akasita, mkono ukaganda juu ya boksi la vocha. Alikuwa amelitamka neno hilo miaka yote na ndiyo kwanza analisikia. "Haya, makubwa haya," akasema taratibu.

Sajini alitoa daftari, akakata maneno "dada wa mama?" kwa mstari mmoja. Akauliza fundi ana watoto wangapi wa kuzaa. Mabinti wawili, wote wameolewa mbali. Ana ndugu wa kiume? Mama Vocha alisikia zamani kwamba alikuwa naye mmoja, mdogo, aliyekufa kabla fundi hajahamia mtaa huu. Mwingine hajamjua.

*

Fundi alikuwa mwisho wa ua, amewapa wageni mgongo, anafungua kompresa ya friji ambalo mwenyewe hajaja kulidai. Alikuwa mzee mpana wa mikono. Sajini alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, akasema kama amekuja kumweleza zaidi kuhusu ile mashine yao, asijisumbue. Mashine ni mbovu. Friji lisipogandisha, kosa si la maji.

Sajini akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi. Akamweleza kwa sauti ambayo wageni wasingeisikia. Kwamba mashine haikukosea. Kwamba imemwona yeye na kijana kuwa damu moja, ukoo mmoja, ila imekataa neno moja tu. Na kwamba yeye Sajini sasa anajua kwa nini imekataa, na hataki kulisema yeye, angependa lisemwe na mwenyewe.

Bisibisi ilisimama.

"Nani kakuambia?"

"Mkeo. Aliitwa mama mkubwa."

Mzee aliguna, kitu kama kicheko kilichokosa njia. "Nyumba ile ilikuwa na mama wawili, ndiyo maana mmoja akaitwa mkubwa. Baba alikuwa mmoja. Mkubwa kuliko nani?"

Akaanza kusimulia, kwa kompresa zaidi kuliko kwa Sajini. Mdogo wake alikufa mimba ikiwa ya miezi mitano. Yeye akamleta shemeji kwake, mtoto akazaliwa pale, akafumbua macho akamwona yeye. Neno la kwanza la mtoto lilikuwa baba, na alilisema akimwangalia yeye, sasa alitaka amsahihishe mtoto wa miezi kumi? Kijana alipokua aliambiwa, akafikiri siku mbili, akarudi akasema, sawa baba, na hayakuzungumzwa tena.

"Halafu anakuja koplo na kijiti," akasema, na sasa aligeuka. "Ananikwangua shavu. Wanakwenda kutafuta ubaba kwenye mate. Mimi mtoto huyu nimembeba na surua yake kilomita nane. Nimemfundisha kushika koleo. Mara ya kwanza alipopigwa shoti hapa, mimi ndiye niliyemzoa. Hayo yamo kwenye mate? Wamepima usingizi wangu? Kisha wananiletea karatasi, mimi, mbele ya watu, eti si baba. Wao ni nani?"

Uani walikuwa wamesikia. Hata waliokuwa wakinong'ona waligeuka.

"Mzee, umeonewa," Sajini akasema. "Sina neno la kulipunguza hilo. Lakini leo saa kumi mwanao anafukiwa kwenye shimo na nambari. Kwenye vitabu vyetu ni mhalifu aliyetoroka. Mkweo analala sakafuni. Shemeji yako, aliyekaa kwenye nyumba yako kwa heshima mpaka akafa, sasa hivi ana wanaume watatu pale kwenye mwavuli. Na mwenye ghala anakula chakula cha mchana kwa raha zake, maana bila jina la maiti hakuna aliyeuawa. Neno moja tu ndilo linalomlinda, na umelikalia wewe."

"Kwa hiyo niandike mimi si baba yake."

"Sijakuambia uandike hivyo."

"Ndivyo itakavyosomeka."

Sajini alibaki ameketi kwenye ndoo. Saa ya mkononi ilionyesha nane na dakika hamsini. Mzee alimtazama muda mrefu, kisha akatazama watu wake uani, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akaangalia chini. Akaweka bisibisi. Akanawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, akavaa shati safi lililokuwa likining'inia kwenye msumari.

"Hilo friji la chumba cha maiti nimelitengeneza mimi mara mbili," akasema wakitoka. "Niliwaambia wabadilishe kompresa. Kama bado linakoroma, ujue hawakunisikiliza."

*

Lilikuwa linakoroma. Gari la manispaa lilishafika, limegeuzwa tayari, nyuma kwa mlango. Msimamizi wake alikuwa na orodha, na kwenye orodha palikuwa na mstari mmoja: mwanaume, hajulikani. Alimweleza Sajini kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ila ametumwa kuchukua, na asipoletewa karatasi atachukua.

Daktari alikuja akihema, bahasha kwapani. Kompyuta imemaliza, akasema. Mzee akiwa ndugu wa baba mzazi, nambari zinakubali zaidi ya mara elfu arobaini kuliko wakiwa watu baki. Sajini akamwuliza mzee, mbele ya wote, ukoo wao una wanaume wangapi walio hai. Mzee akajibu kwamba tangu wiki iliyopita amebaki yeye peke yake.

Fomu mpya ililazwa juu ya boneti ya gari la manispaa. Boneti ilikuwa ya moto, Sajini akatanguliza faili chini ya fomu. Juu kabisa pameagizwa: jaza kwa herufi kubwa. Akajaza jina la mtoa sampuli, akajaza tarehe, akafika penye uhusiano. BABA, MAMA, MTOTO, NDUGU.

Daktari, kwa nia njema kabisa, akashauri watie tiki kwenye NDUGU.

"Ndugu?" Mzee aliuliza. "Ndugu yangu ni yule aliyemzaa. Huyu nimeshuka naye kaburini kumzika mama yake, kanishika mkono. Ukitia tiki hapo naondoka, na mhuri wako uupige kwenye paji la uso wako."

Daktari akarudi hatua moja. Msimamizi akaangalia saa. Sajini alitia tiki kwenye BABA, kalamu akaiacha ikining'inia kwenye nafasi nyeupe iliyobaki pembeni ya kisanduku, upana wa kidole. Akasubiri. Hakumhimiza. Ndani friji likakoroma, likanyamaza, likaanza tena.

"Andika mkubwa," mzee akasema mwishowe. "Lakini kwa herufi ndogo."

Msimamizi alikohoa, akakumbusha kwamba fomu isiyojazwa kwa herufi kubwa hurudishwa. Sajini akamwangalia mpaka akapata kitu cha kukagua kwenye tairi. Kisha akaandika, ndogo sana, hata Daktari ilimbidi avae miwani na kuinama ndipo aone pa kupiga mhuri. Mzee akasaini. Msimamizi akachukua orodha yake, akafuta mstari mmoja, akamwashiria dereva azime gari.

Mzee hakungoja kuambiwa. Alikwisha kuingia ndani, na aliyekuwa mlangoni alimpisha bila kumwuliza yeye ni nani wa maiti.

Sajini alimfuata mpaka kizingitini, akatoa simu. Mkuu wa kituo alipokea kwa mlio wa pili, akauliza kama faili limeshafungwa.

"Afande, yule mlinzi mnayemtafuta nimempata."

Sauti ya Mkuu ilichangamka. Akauliza yuko wapi, na kama ameshatiwa pingu.

"Yuko hapa mbele yangu," Sajini akasema, "na baba yake. Mfungulieni mke wake aje azike."